Majeruhi wa Kudumu

Hoteli yetu iko katikati ya msitu, mbali na lami, mbali na hospitali, mbali na kila kitu isipokuwa mvua na nyani. Umbali huo ndio bidhaa yenyewe. Wageni husafiri kutwa nzima ndani ya gari linalorukaruka kama mbuzi ili wafike mahali ambapo mtu akiugua hana pa kukimbilia. Wakishafika, kabla hata hawajamaliza juisi ya kukaribishwa, wanauliza: je, mtu akiugua anakimbilia wapi?

"Hapo ndipo tunapowashinda wenzetu," Meneja huwajibu, huku akimnyooshea mkono Tahadhari.

Tahadhari ni jina tulilompa sisi wafanyakazi. Yeye ni ofisa wa usalama wa wageni. Alikwenda semina mjini, akarudi na fulana ya rangi ya chungwa, kofia ngumu, filimbi na neno moja. Ukibeba ndoo, "Tahadhari." Ukipanda ngazi, "Tahadhari." Siku ngazi hiyo ilipovunjika na mpishi akateguka mguu, alikuja mbio, akamtazama mpishi pale chini, akasema, "Si nilisema?" Kisha akaenda zake. Ngazi ilipigiliwa misumari na mtunza bustani.

Mimi kazi yangu ni kufua na kupiga pasi. Nimeipata kupitia shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye mkubwa wa chumba cha kufulia. Siku aliyonipeleka kwa Meneja alinisifu kwa sifa moja tu: "Huyu binti wa kaka yangu hana maneno." Hakudanganya. Mezani nikikosa chumvi nakula bila chumvi, ilimradi nisimwombe mtu. Mtu akiniita jina lisilo langu naitika. Shangazi aliniambia njiani siku ile, "Mwanangu, mimi nimekudhamini. Ukiharibu, tunaondoka wawili na mizigo yetu." Nikaitika kwa kichwa.

Basi kutokuwa na maneno ndiko kulikonifanya niwe majeruhi.

Hoteli ilikuwa ikitafuta shahada ya usalama, na kila baada ya muda tulifanya zoezi la dharura. Kwenye zoezi lazima awepo aliyeumia. Wa kwanza kujaribiwa alikuwa mpishi, lakini wabebaji walimtua kabla hawajafika kwenye maua, wakasema mgonjwa huyu afie hapo hapo. Wa pili alikuwa mhudumu wa meza, naye alikuwa akitekenywa na mikanda ya machela akacheka mpaka akalia. Ndipo Tahadhari akaja chumba cha kufulia akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Una uzito gani wewe?"

Sikujibu.

"Ona. Hata kusema hasemi," akamwambia Shangazi. "Huyu ni majeruhi wa kuzaliwa."

"Ana nguo za kupiga pasi," Shangazi alisema.

"Kulala chini nako ni kazi. Shule ameiachia njiani, atapata wapi kazi rahisi kuliko hii?"

Tangu siku hiyo nikawa majeruhi wa kudumu. Nalazwa kwenye nyasi chini ya baraza la kulia chakula, napakwa juisi nyekundu kwenye paji la uso iwe damu, nafumba macho nusu. Nzi wanakuja. Nzi ndio pekee waliojali kwamba nimeumia.

Ukilala chini ukanyamaza, watu wanakusahau kama kapeti. Nimesikia mengi nikiwa pale. Nimemsikia Meneja akimwambia Tahadhari kwamba usalama ni sura. Nimemsikia Tahadhari akimwuliza Nesi ni upande gani wa kifua ulio na moyo, maana wageni wamemuuliza. Nesi akamjibu, "Wewe wa kwako uko kwenye filimbi." Nesi ni mtu anayejua kazi yake vizuri. Tatizo lake ni kwamba ameishi na wajinga muda mrefu, na sasa anaona uvivu ndio heshima anayostahili.

Sasa, juu ya baraza lile, kwenye ukingo wa paa la nyasi, palikuwa na kiota cha nyigu. Kilikuwa kikubwa kama kichwa cha ng'ombe. Mtunza bustani aliomba ruhusa akitoe, Meneja akakataa. Wageni walikuwa wakikipiga picha. Meneja akaagiza kibao kizuri cha mbao, kikaandikwa: MAJIRANI ZETU. TAFADHALI TUWAHESHIMU.

"Nyigu akiwa jirani," Shangazi alisema alipokiona, "mwenye nyumba ni yeye."

Na chini ya kiota hicho, kwenye kiti kile kile kila jioni, aliketi Babu wa Mashati.

Babu huyu alikuwa mgeni wa muda mrefu, mzee mrefu mwembamba aliyekuja kutazama ndege na badala yake akawa anatazama kola za mashati yake. Kila shati nililolipiga pasi lilirudi. Mara kola ina mkunjo, mara mkono mmoja umenyooka kuliko mwingine, mara kifungo kimenuna. Ndivyo alivyosema, kifungo kimenuna. Alinirudishia shati moja mpaka nikalifahamu kama mtoto wa jirani. Hakuwahi kunitazama usoni. Alikuwa akilitandika shati kwenye mikono yangu kama mtu anayetundika kitu msumarini, anaondoka. Simdanganyi mtu: nilimchukia kwa utulivu, jinsi watu wasio na maneno wanavyochukia.

Siku ya zoezi kubwa alikuja Mkaguzi kutoka mjini. Huyu ndiye angetoa shahada. Meneja alivaa suti msituni, jasho likamtiririka mpaka kwenye soksi. Asubuhi Tahadhari alitukusanya sote nyuma ya jiko.

"Leo hatucheki," alisema. "Leo moto utakuwa moto. Nimeandaa debe la majani mabichi, litatoa moshi wa kweli chini ya baraza. Majeruhi atabebwa, ataingizwa kwenye gari na Nesi na mkoba wa dawa. Gari litaondoka kweli, kwa kasi."

Dereva akakohoa. Tulimwita Breki, kwa sababu mguu wake haukujua kanyagio jingine.

"Kwa kasi inayowezekana," Tahadhari alisema. "Litakwenda mpaka getini. Huko linasubiri. Halirudi, nasema halirudi, mpaka nitamke kwenye redio: zoezi limekwisha."

"Mwaka jana nilirudi mapema nikasimamishwa kazi," Breki alisema.

"Na safari hii utafukuzwa. Mkaguzi lazima aone gari limepotea machoni."

"Nikiwa huko nitasikia nini?"

"Utasikia mimi nikiita. Nitasema, majeruhi hali mbaya, leteni gari, hili si zoezi."

Nesi akainua kichwa. "Hili si zoezi? Si ni zoezi?"

"Ndiyo. Lakini semina walitufundisha, kukitokea kweli mtu anasema hili si zoezi. Sasa sisi tunataka zoezi letu lifanane na kweli. Kwa hiyo tunasema."

"Na kikitokea kweli utasema nini?"

Tahadhari alimtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto mgumu wa kuelewa. "Nesi, kweli itatokea vipi siku ya zoezi?"

Watu wakacheka, naye akadhani wanacheka pamoja naye.

Alasiri, wakati wa chai, wageni waliwekewa viti barazani waone vizuri. Walikuja na simu zao na keki zao. Mama mmoja mwenye kofia pana aliuliza kama kuna kiti cha mbele zaidi. Mimi nikalazwa kwenye nyasi, nikapakwa juisi. Babu wa Mashati alikuwa kwenye kiti chake chini ya kiota, amevaa lile shati tulilofahamiana nalo, amekunja uso kwa sababu chai imechelewa.

Tahadhari akapiga filimbi. Debe likawashwa.

Majani mabichi hayana haraka. Moshi ulianza mwembamba, kisha ukawa mzito, mweupe, ukapanda moja kwa moja kama umetumwa. Mimi nilikuwa chali, macho nusu wazi, na pale nilipo nilikuwa naona jambo moja tu: ukingo wa paa, kiota, na moshi ukikizunguka. Nikaona kiota kikibadilika rangi. Kisha nikaelewa kwamba si rangi, ni nyigu wanatoka.

Kelele zikaanza. Wageni wakapigapiga hewa kwa sahani. Wengi walirudi nyuma wakicheka. Babu wa Mashati hakurudi nyuma, maana yeye aliketi chini yao kabisa na viungo vyake havikuwa na mbio. Nilimwona akijipiga shingoni. Akajipiga tena, kwenye sikio. Akasimama, akashika meza, na kikombe kikaanguka.

"Majeruhi anabebwa," Tahadhari alisema kwenye kipaza sauti. "Tazameni utaratibu."

Machela ikainuliwa. Wakati wananipitisha kando ya baraza uso wa babu ulikuwa karibu na wangu, yeye amekaa tena, mimi nimelala. Midomo yake ilikuwa imevimba kama si ya kwake. Macho yalikuwa yakifumbika. Mkono wake ulikuwa kwenye kola, anavuta, kile kifungo kimemkaba. Kwa mara ya kwanza tangu afike alinitazama usoni.

Nikafungua mdomo. Mama mwenye kofia pana alikuwa amesimama pale pale na simu yake. "Jamani," alisema kwa furaha, "hata yule babu ameingia kwenye mchezo." Watu wakapiga makofi.

Mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Hivyo ndivyo ulivyo.

Nikaingizwa kwenye gari. Nesi akapanda na mkoba wa dawa, mmoja tu uliopo hoteli nzima, akauweka mapajani. Breki akaondoka kwa kasi yake, maua yakatupita moja moja. Barabara ya kwenda getini inapinda ndani ya miti, na baada ya kona ya kwanza hoteli haionekani tena wala haisikiki.

Getini Breki alizima injini. Akatoa chupa za soda chini ya kiti, akampa Nesi moja.

"Majeruhi naye?" Nesi akauliza.

"Majeruhi amezimia. Hanywi soda."

Nilikuwa nimeketi kwenye machela. "Yule babu," nikasema.

Hawakusikia. Sauti yangu ya kawaida ni ya kusemea na pasi.

"Yule babu," nikasema tena. "Nyigu wamemuuma."

"Nyigu wanauma, ndiyo kazi yao," Breki alisema.

"Midomo imevimba."

Nesi akageuka kidogo. "Imevimba vipi?"

Kabla sijajibu, redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Tahadhari. "Majeruhi hali mbaya. Leteni gari. Hili si zoezi."

Breki akainua chupa kama anayepongeza. "Huyo. Neno kwa neno."

"Narudia," redio ikasema. "Leteni gari na dawa. Hili si zoezi. Jamani, hili si zoezi, kweli."

"Leo ameongeza chumvi," Nesi akasema. Lakini hakucheka sana.

"Mkaguzi yuko kando yake, ataacha kuongeza?" Breki alinyoosha miguu. "Huyu akipata shahada tutalala hapa getini kila wiki."

"Ni babu," nikasema. "Hapumui vizuri. Anavuta kola."

"Wewe umejuaje, na ulikuwa umekufa?"

"Nesi, twende."

"Dada, lala," Breki akasema, si kwa ubaya. "Mimi nina watoto. Mwenye redio akisema zoezi limekwisha, nawasha. Asiposema, siwashi. Unataka nifukuzwe kwa sababu babu anavuta kola? Babu yule amevuta kola tangu alipofika."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo baya lake. Nesi alitazama redio, akanitazama mimi, akaitazama barabara. Niliona anajua. Niliona pia anapima: akirudi na ikawa mchezo, atachekwa na yule mwenye filimbi, na hicho ni kitu asichoweza kukivumilia. Mtu anaweza kufa katikati ya vipimo vya namna hiyo.

Redio ikaita tena. Sasa sauti ilikuwa imepanda, inakatika. Breki akaipunguza sauti redio ili anywe kwa amani.

Maneno yangu yalikuwa yamekwisha, na yalikuwa machache tangu mwanzo. Nikaona kwamba nikikaa kutafuta mengine, babu atakuwa amekwisha naye. Nikamfikiria Shangazi na mizigo yetu miwili. Kisha nikaunyakua mkoba kwenye mapaja ya Nesi, nikaruka chini, nikakimbia. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Kwangu mimi kukimbia ni rahisi kuliko kusema.

"Majeruhi ametoroka na dawa," nilisikia Breki akisema nyuma yangu, kama anayesoma habari.

Kisha Nesi, kwa sauti nyingine kabisa: "Geuza gari. Huo mkoba uko chini ya jina langu. Geuza."

Kugeuza gari kwenye njia ile nyembamba, kwa mguu ule wa Breki, ni kama kugeuza kabati chooni. Nilisikia injini ikienda mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nilikimbia na juisi ikinitiririkia machoni. Kwenye kona ya mwisho gari likanifikia, Nesi ametoa kichwa dirishani ananiita majina ambayo sikujua nesi anayajua. Lakini kutoka pale baraza lilikuwa linaonekana, na Nesi akanyamaza katikati ya tusi.

Sitayasahau niliyoyaona, na si kwa sababu yanatisha. Wageni wamesimama nusu duara, simu juu. Mkaguzi anaandika. Meneja amebandika tabasamu usoni na limeanza kubanduka. Katikati, sakafuni, babu amelala, rangi yake ya kijivu, na Shangazi yangu amepiga magoti amekishika kichwa chake, anampepea kwa sinia na kuwakaripia watu wote waliosimama. "Mnapiga picha nini? Mtu anakufa, mnapiga picha nini?" Na wao walikuwa wakimpiga picha na yeye.

Tahadhari alikuwa kando na redio yake mdomoni. Baadaye Shangazi alinieleza. Yeye alikuwa amemshika Tahadhari ukosi akamwambia, "Sema zoezi limekwisha, gari lirudi. Maneno mawili tu, sema." Naye akamtazama Mkaguzi, akamtazama Meneja, na Meneja akatikisa kichwa kidogo sana, maana zoezi likikatizwa alama zinakatwa. Basi akaendelea kusema hili si zoezi. Alilisema mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa na ufunguo mfukoni, na alikuwa akiugonga mlango kwa kichwa.

Nesi alipanda ngazi za baraza kwa kuruka. Hapo ndipo utajua mtu amesomea kitu. Alinipokonya mkoba, akapiga goti, akaichana ile kola kwa mkasi bila kuiomba ruhusa, akatoa sindano, akamchoma babu kwenye paja juu ya suruali. "Inua miguu yake," akaniambia. Nikaiinua. "Nyie rudini nyuma," akawaambia wageni. Walirudi, wakaendelea kupiga picha kutoka nyuma.

Tulikaa hivyo. Soksi za babu nilizifahamu, nilizifua mimi. Nilikitazama kifua chake kwa sababu sikutaka kuutazama uso. Kwa muda hakikufanya chochote cha maana. Kisha kikapanda. Kikashuka kwa mlio kama mlango mkavu, kikapanda tena, na safari hii kikapanda juu zaidi.

"Haya," Nesi akasema taratibu. "Haya, mzee. Rudi tu."

Makofi yalipigwa. Naapa yalipigwa, na mtu mmoja akapiga mluzi. Mama mwenye kofia pana alinigusa begani. "Mmefanya vizuri mno," alisema. "Mtarudia kesho? Mume wangu alikuwa bafuni."

Sikumjibu, na kwa mara ya kwanza haikuwa aibu.

Babu aliondolewa na gari lile lile kwenda hospitali, Nesi pembeni yake, na nimeambiwa kwamba Breki siku hiyo alikanyaga kanyagio jingine. Gari lilipopotea machoni Mkaguzi alifunga kalamu yake, akampa Meneja mkono.

"Majeruhi wa pili, wa ghafla," alisema. "Hilo sijaliona hoteli yoyote. Mzee yule ameigiza mpaka nikashituka."

Nilimtazama Meneja. Alikuwa na nafasi ya kusema kweli, ilikuwa imewekwa mbele yake kama kikombe cha chai. Akainyanyua akaimwaga.

"Tunapenda kuwapima vijana wetu," akasema.

"Kasoro ni moja tu. Majeruhi wa kwanza ameinuka. Amerudi kwa miguu na mkoba. Hiyo inaharibu uhalisia."

"Tutalishughulikia," Meneja akasema.

Walilishughulikia kesho yake. Niliitwa ofisini. Shahada ilikuwa tayari ukutani, imening'inizwa upande upande. Meneja yuko kwenye kiti, Tahadhari amesimama na kofia yake ngumu ndani ya nyumba.

"Umetuvunjia utaratibu," Meneja alianza. "Na shangazi yako amefokea wageni. Unajua ningeweza kuwafukuza nyote wawili?"

Nilitazama sakafu. Ilikuwa na sisimizi mmoja aliyebeba kitu kikubwa kuliko yeye.

"Lakini mimi ni mtu wa huruma," akaendelea. Alimaanisha kwamba Nesi alikuwa amepiga simu kutoka hospitali, akasema mimi na Shangazi tukiguswa, yeye atamtafuta Mkaguzi amweleze ni nani aliyeigiza na nani aliyekuwa akifa. Hilo hakulitaja. Nililijua kwa Breki.

Tahadhari akakohoa. "Zoezi lijalo utakuwa majeruhi kama kawaida. Na safari hiyo sikiliza vizuri. Hata paa likianguka, hata msitu ukiwaka, wewe umelala. Huinuki. Umesikia?"

Nilisubiri maneno yangu yanigande kooni, kama yalivyozoea. Hayakuganda. Nadhani yalikuwa yamechoka kama mimi.

"Lala wewe," nikasema.

"Umesemaje?"

"Lala wewe. Mimi nitashika filimbi."

Meneja alijifanya anatafuta kalamu. Nikatoka, nikaufunga mlango polepole, maana sikulelewa kupigiza milango.

Shangazi alikuwa nje, amebeba kikapu cha nguo ambacho hakikuwa na haja ya kubebwa pale. "Umemwambia nini? Mbona amekuwa kimya hivyo huko ndani?"

"Nimemwambia alale yeye."

Alinitazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akatua kikapu. "Na mimi nilivyoapa kwamba huna maneno," alisema. "Nimewauzia mbuzi kwenye gunia."

Babu wa Mashati alirudi siku chache baadaye kuchukua mizigo yake. Alikuwa amekonda, lakini midomo ilikuwa ya kwake tena. Kile kiota kilikuwa bado pale, kimepungua kidogo, na Meneja alikuwa amebadilisha kibao: MAJIRANI ZETU. TAFADHALI TUSIWASOGELEE. Viti aliviacha mahali pale pale.

Lile shati Nesi alirudi nalo kutoka hospitali. Nilikuwa nimeishona ile kola aliyoichana, nikalipiga pasi shati, nikampelekea mwenyewe gari likisubiri. Nilidhani huenda atanikumbuka. Tulitazamana siku ile, yeye amekaa na mimi nimelala, na ni nadra watu kutazamana hivyo. Akalichukua shati, akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Kola hii," akasema, "bado."

Akalitandika mikononi mwangu, akaanza kunieleza tangu mwanzo jinsi kola inavyopaswa kukaa, na mkunjo, na wanga, na pasi isiwe ya moto sana. Alieleza kwa kirefu, bila kupumzika. Nilisimama nikamsikiliza mpaka mwisho. Sikusikia hata neno moja la kola. Nilikuwa nasikiliza pumzi, inaingia, inatoka, kavu na yenye kisirani, na haikukwama popote.

"Umeelewa?" akauliza.

"Nimeelewa, mzee," nikasema. "Safari njema."

Shati nimebaki nalo. Nafutia pasi.